Waacheni Wabaki Marafiki

Msomaji wa riwaya za vijana huwa ameshatoa hukumu kabla hajafika mbali. Mvulana na msichana wakitambulishwa kuwa ni marafiki wa karibu, yeye haulizi tena urafiki huo utapitia mitihani gani, bali anahesabu kurasa akisubiri siku watakayoambiana kwamba wanapendana. Mara nyingi mwandishi hamwangushi. Zile siku za kuazimana vitabu, kugombana na kupatana, kufichiana siri na kupigiana moyo, zote zinageuka kuwa utangulizi wa busu moja mwishoni mwa kitabu, na msomaji anafundishwa, bila ya yeyote kumwambia waziwazi, kwamba urafiki ule haukuwa na thamani yake wenyewe.

Sina ugomvi na hadithi za mapenzi. Vijana hupendana, na fasihi inayowahusu ikilikwepa jambo hilo itakuwa inawaficha sehemu ya maisha yao. Ninachokipinga ni mazoea ya kumnyima msomaji kijana hadithi ya aina nyingine, ile ambayo mvulana na msichana wanafahamiana kwa undani, wanategemeana, wanaumizana na kusameheana, na bado wanabaki marafiki hadi ukurasa wa mwisho.

Mazoea haya si ya leo. Louisa May Alcott alitoa sehemu ya kwanza ya riwaya yake Little Women nchini Marekani mwaka 1868, na ndani yake mna urafiki ambao hadi sasa sijaona mwingi wa kuushinda. Jo March anakwenda kwenye dansi akiwa amevaa gauni lililoungua mgongoni, na kwa kuwa ameagizwa asimame kimya ili mtu yeyote asilione doa lile, anajificha nyuma ya pazia. Huko anamkuta Laurie, kijana wa nyumba ya jirani, ambaye naye amejificha kwa aibu. Wanazungumza, wanazoeana, na mwishowe wanacheza dansi wawili peke yao kwenye ukumbi wa pembeni ambako hakuna wa kulitazama gauni. Katika tukio hilo dogo kuna kila kitu ambacho urafiki unahitaji: aibu mbili zinakutana na zote mbili zinapungua.

Kitabu kilipopata wasomaji wengi, wasichana walianza kumwandikia Alcott barua wakimtaka aseme nani ataolewa na nani. Aliandika katika shajara yake kwa hasira kwamba waliuliza hivyo kana kwamba ndoa ndiyo shabaha pekee ya maisha ya mwanamke, na akaapa kwamba hatamwoza Jo kwa Laurie ili kumfurahisha yeyote. Neno lake alilitimiza, lakini kwa gharama. Katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1869, Laurie anamposa Jo, Jo anakataa, Laurie anaondoka na babu yake kwenda Ulaya, na huko baadaye anamuoa Amy, mdogo wake Jo. Jo naye anatafutiwa profesa wa Kijerumani. Alcott alimweleza rafiki yake katika barua kwamba alitamani Jo abaki mwandishi asiyeolewa, ila kelele za wasomaji zilikuwa nyingi mno. Kwangu mimi, jambo la kusikitisha katika kisa hiki ni kwamba hata mwandishi aliyeuona mtego waziwazi kiasi hicho hakupata nafasi ya kuandika kwa utulivu jinsi Jo na Laurie walivyoendelea kuishi jirani baada ya jibu la hapana. Ilibidi mmoja avuke bahari.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1977, Katherine Paterson alichapisha Bridge to Terabithia, riwaya aliyoiandika baada ya rafiki wa mwanawe, mtoto wa kike, kuuawa na radi. Jess ni mtoto wa familia maskini huko Virginia ambaye majira yote ya kiangazi amekuwa akifanya mazoezi ili awe mshindi wa mbio za wavulana shuleni. Siku ya mbio anatokea Leslie, msichana mgeni, na anawashinda wote. Urafiki wao unaanzia hapo, kwenye kushindwa kwa Jess, na unakua msituni ng'ambo ya kijito ambako wanajitengenezea ufalme wao wa kubuni. Krismasi inapofika Jess anampa Leslie mtoto wa mbwa, na Leslie anampa Jess rangi za maji za kuchorea, kwa sababu yeye ni miongoni mwa watu wachache wanaojua kwamba Jess anapenda kuchora na kwamba nyumbani kwao jambo hilo linadharauliwa.

Mwandishi huyu amefanya uamuzi mmoja wa kiufundi ambao waandishi wetu wangefaidika kuutazama kwa makini. Mapenzi ya kitoto ya Jess hayaelekei kwa Leslie, yanaelekea kwa mwalimu wake wa muziki, Miss Edmunds. Siku mwalimu huyo anapomwalika kwenda naye Washington kutazama picha za sanaa, Jess hakumbuki kuomba Leslie aende pia hadi wakiwa wameshafika mbali njiani, na anapokumbuka anaona raha ya siri kuwa peke yake na mwalimu. Siku hiyohiyo Leslie anajaribu kuvuka kijito kilichofurika, kamba ya kuning'inia inakatika, naye anakufa. Jess anazichukua zile rangi alizopewa na kuzitupa majini. Aliyewahi kufiwa na rafiki akiwa na jambo dogo la kujilaumu hahitaji kuelezwa kwa nini tukio hilo lina uzito kuliko maungamo mengi ya mapenzi. Na lau Paterson angewafanya wachumba wadogo, hatia ya Jess ingegeuka kuwa majonzi ya mpenzi aliyefiwa, jambo tulilolisoma mara nyingi, na sisi tusingejua kwamba mtu anaweza kumsaliti rafiki kwa kutomkumbuka tu.

Najua nitajibiwa kwamba Jess na Leslie ni watoto wa darasa la tano, na kwamba mambo hubadilika wakifika miaka kumi na sita. Ni kweli hubadilika, ila si kwa kila mtu na si kwa kila anayekutana naye. Katika kitabu cha mwisho cha Harry Potter, mfululizo wa riwaya kuhusu vijana wachawi, kilichotoka mwaka 2007, J. K. Rowling anawaweka Harry na Hermione peke yao ndani ya hema kwa muda mrefu, wakiwa wakubwa, wenye hofu, na rafiki yao Ron akiwa amewakimbia. Mkesha wa Krismasi wanafika kaburini kwa wazazi wa Harry. Harry hana hata ua la kuweka. Hermione anainua fimbo yake ya uchawi, shada la maua linatokea, Harry analiweka juu ya kaburi, kisha wanaondoka wakiwa wameshikana, huku mkono wa kila mmoja ukiwa umemzunguka mwenzake. Hakuna kinachofuata zaidi ya hapo, na hakikuhitajika. Wapo wasomaji wengi waliolalamika, na wengine hadi leo wanaamini kwamba hao ndio waliopaswa kuoana. Mimi nauona ukurasa huo kuwa miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika vitabu vile saba.

Hata hivyo kuna kitu kinachonikera. Urafiki huo umeruhusiwa kwa sababu kila mmoja ana mtu wake: Hermione ana Ron, Harry ana Ginny. Tena Ron anaporudi, inambidi Harry amhakikishie kwamba anampenda Hermione kama dada yake. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anajikuta nyumbani kabisa, kwa maana nasi hatuna namna nyingine ya kuwatetea vijana wetu. Binti akikutwa anasindikizwa na mvulana kutoka tuisheni, atasema ni kaka yake wa hiari, au ni ndugu upande wa mama, ili tu mazungumzo yaishe. Hatujampa ruhusa ya kusema kwamba huyu ni rafiki yangu na kuaminiwa.

Hofu ya wazazi ina sababu, na sitaki kuidharau. Nchini Tanzania, kwa miongo mingi msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na ilikuwa Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi darasani baada ya kujifungua. Mzazi aliyekulia katika hali hiyo akiona binti yake anacheka na mvulana chini ya mwembe, haoni urafiki, anaona masomo yamekatika. Lakini tumewahi kusoma katika Kiswahili chenyewe kinachotokea hofu hiyo inapogeuzwa kuwa malezi. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kukubaliwa kuwa kitabu cha kusomwa madarasani, Zakaria anampiga bintiye Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Rosa anakua akiwaogopa wavulana wote kwa pamoja. Anapotoka mbali na macho ya baba yake, hajui kumpima mwanamume, hajui nani anamtakia mema na nani anamwinda, kwa kuwa hajawahi kukaa na hata mmoja akamzoea kama binadamu. Kezilahabi alikuwa akitukanya, na kazi hiyo aliifanya kwa ukali unaostahili. Nusu ya pili ya jambo hilo, yaani Rosa mwingine aliyeruhusiwa kuwa na rafiki wa kiume na akajifunza kupitia kwake, haikuwa kazi yake kuiandika. Ni yetu.

Waandishi chipukizi huniambia kwamba urafiki mtupu hauna kisa, kwamba bila mapenzi hadithi italala. Sikubali hata kidogo. Mfikirie mvulana wa kidato cha tatu anayeishi bwenini, ambaye rafiki yake mkubwa ni msichana wa darasa lake. Usiku, taa zikishazimwa, wenzake wanaanza kumsema msichana yule, wanataja mwili wake, wanazua kwamba fulani ameshampata. Wote wanasubiri yeye acheke. Akicheka, atakuwa salama bwenini na kesho hataweza kumtazama rafiki yake usoni. Akinyamaza, watamgeukia. Akimtetea, watasema amempenda, na uvumi utafika kwa mwalimu wa zamu na labda kwa mzazi wa msichana. Hapo pana riwaya nzima, na mhusika akifanywa kuwa mpenzi wa msichana huyo, mtanziko unapotea, kwa sababu mpenzi kumtetea mpenzi wake ni jambo linalotarajiwa na halimgharimu chochote kipya.

Au mchukue msichana aliyefaulu kwenda shule ya vipaji maalumu wakati rafiki yake wa kiume, aliyemfundisha hesabu miaka yote, amekosa nafasi. Wivu wa namna hiyo, uliochanganyika na fahari na deni, ni mgumu kuuandika na ni wa kweli sana katika maisha ya vijana wetu.

Ombi langu kubwa linahusu lile jambo ambalo Alcott hakulifikia. Hutokea mmoja wa marafiki akaanza kumpenda mwenzake na mwenzake hampendi hivyo. Riwaya nyingi zina njia mbili tu hapo: ama anayekataa anabadili moyo ukurasa wa mwisho, ama anayekataliwa anaondolewa kwenye hadithi. Vijana halisi hawana pa kwenda. Jumatatu watakutana mstarini, watapangwa kundi moja la maabara, wataazimana rula. Mvulana itambidi ajifunze kwamba alichokataliwa ni uchumba tu na kwamba yeye mwenyewe hajatupwa, na msichana itambidi ajue namna ya kuendelea kuwa mwema bila kumpa matumaini ya uongo. Kazi hiyo huchukua majuma na miezi, ina siku za kurudi nyuma, na watu wazima wengi hawakupata kuimaliza. Mwandishi atakayekaa na wawili hao katika miezi hiyo, bila haraka ya kuwaoanisha wala kuwatenganisha, atakuwa ameandika kitabu ambacho nitakinunua na kukigawa shuleni.