Mkunjo Umekaa Vizuri. Halafu?

Juzi nilikuwa kwenye semina moja hapa Mbeya. Kijana anatuonesha grafu ya miti ya msitu wetu: spishi chache zina miti kibao, kisha mkunjo wa grafu unaporomoka hadi kwenye msururu mrefu wa spishi zenye mti mmojammoja. Juu yake kaweka mstari mwekundu wa modeli ya Hubbell, mwanaikolojia wa Marekani anayechukulia spishi zote kuwa sawa. Ukakaa palepale. "Kwa hiyo mnaona," akasema, "tofauti za spishi hazina kazi kwenye msitu huu." Watu wakapiga makofi. Makofi!

Hapana, bwana.

Modeli yenyewe iko hivi. Mti unakufa, nafasi inachukuliwa na mche wowote, wa jirani au wa mbegu iliyotoka mbali, na kila mti una nafasi sawa ya kufa na kuzaa, uwe spishi gani. Mara chache sana spishi mpya inazuka. Iache bahati nasibu hiyo iende muda mrefu, grafu ile inajichora. Hubbell hakuwa anabahatisha ofisini: kitabu chake cha 2001 kilikuwa na msitu wa kisiwa cha Barro Colorado, Panama, nyuma yake, hekta 50, mashina zaidi ya 200,000 kuanzia kipenyo cha sentimita moja, spishi kama 300. Heshima yake anayo.

Ila umbo hilo halina mwenyewe. Mwanatakwimu Fisher alilipata mwaka 1943 kwa hesabu za vipepeo vya Malaya, wala hakuhitaji kusema nani anakufa na nani anazaa. Preston akaja na logi-kawaida yake, mkunjo mwingine wa kitakwimu tu, mwaka 1948. Mwaka 2003 McGill akaandika kwenye jarida la Nature kwamba hiyo logi-kawaida inaikalia miti ya Panama vizuri kuliko modeli ya Hubbell. Mwaka uleule, jarida lilelile, Volkov na wenzake wakamjibu kwamba la, modeli ya Hubbell ndiyo inayokaa. Wanagombania mistari ambayo ukiitazama kwa macho utadhani ni mmoja. Ukimkuta mtu Mwanjelwa ana matope viatuni, utajuaje katokea Uyole au Iyunga? Matope ni matope. Na sisi tunasoma matope halafu tunatangaza safari nzima.

Nimeshika utepe wa kupimia miti kwenye milima ya Udzungwa. Unauzungusha shina usawa wa kifua, unasoma, mwenzio anaandika, siafu wanapanda miguuni. Pale ulipoanguka mti mkubwa utakuta miti laini ya majani mapana inakimbilia mwanga, imekupita kimo kabla hujarudi. Ingia kivulini hatua chache: kuna mche wa unene wa kidole gumba, na kwa wanaoijua spishi hiyo, huenda una umri wa kuoa. Niambieni hivi viwili vina nafasi sawa ya kufa mwaka huu. Watetezi wa modeli watasema anayekua haraka hufa mapema, mwisho wa yote hesabu inalingana. Huenda. Lakini hilo hupimwa kwa vifo, halisomwi kwenye mkunjo.

(Wazee wa Mufindi waliopanda milingoti karibu na chanzo cha maji hawahitaji semina kujua kwamba mti si mti tu: kuna unaokunywa maji kuliko mwingine.)

Sawa, kama kipimo cha kuanzia modeli ina maana: kwanza tuone bahati peke yake inafika wapi. Hapo nakubali, kwa shingo upande.

Kinachoniuma ni okidi, yale maua ya mwituni ya Kitulo. Ukichimba Satyrium, mojawapo ya okidi hizo, unakuta viazi viwili, kimoja cha mwaka jana kimesinyaa, kingine kigumu cha mwaka huu. Kigumu ndicho kinachoingia gunia la chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, kuelekea Tunduma na Zambia, na mmea umekwisha. Mchimbaji anachagua, bahati nasibu haina jembe. Siku okidi hizo zitakapobaki chache, zitakaa kwenye ule mkia wa grafu pamoja na zile ambazo zimekuwa adimu tangu zamani, na mstari mwekundu utapita juu ya zote bila kutikisika. Kijana atatabasamu tena.

Panama huhesabu upya takribani kila miaka mitano, wanajua mti gani umekufa na upi umezaliwa. Ploti, yaani vipande vya msitu vya kuhesabia miti, nilizowahi kufanya mimi zilihesabiwa mara moja, fedha zikaisha, ripoti ikatoka ina grafu nzuri. Mnataka kuniambia spishi zote ni sawa? Tafuteni hela ya kuhesabu mara ya pili, utepe nitashika mimi.