Mashine ikigusa kesi yetu, tuambiwe kikaoni

Wiki iliyopita mama mdogo wangu alinipa bahasha nimsomee. Ana kesi na jirani yake, hapa Lubumbashi, Kongo, juu ya ukuta uliojengwa ukapita mpaka wa parseli, yaani kiwanja. Ndani kulikuwa na hoja za avoka, yaani wakili, wa upande wa pili: kurasa saba, Kifaransa laini, kila kitu kimepangwa. Ukurasa wa tatu ulinisimamisha. Avoka anadai fidia kwa kifungu cha 1240 cha sheria ya madai.

Kifungu cha 1240 ni cha Ufaransa. Hata huko ni namba mpya. Mpaka 2016 walikuwa wakisema 1382. Kwetu, aliyemtia mwenzake hasara hulipishwa kwa kifungu cha 258 cha dekreti (amri yenye nguvu ya sheria) ya 30 Julai 1888, na hakuna aliyesoma sheria hapa asiyekijua. Chini yake zilifuata hukumu mbili za Kinshasa, na namba zake, na tarehe zake. Rafiki yangu avoka amezitafuta kila alipoweza, hajaziona. Avoka yule hakuandika kurasa zile. Aliiuliza mashine, programu ya akili bandia kwenye simu yake, ikamjibu, akatia sahihi.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Mama mdogo yeye aliuliza jambo moja tu: "Ile karatasi inasema nini juu yangu?"

Mambo haya yametokea kwa wakubwa pia. New York, mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani hukumu sita ambazo ChatGPT, programu ya aina hiyohiyo, ilizitunga tu. Walipigwa faini ya dola 5,000. Lakini walikamatwa kwa sababu upande wa pili ulizitafuta hukumu hizo ukazikosa, na kule hukumu ya kweli huonekana upesi ukiitafuta. Kwetu hukumu nyingi zimelala kwenye rejista za mkono, katika makabati ya makarani. Ukitaja hukumu ya uongo Lubumbashi, nani atapanda ndege kwenda Kinshasa kuhakikisha? Na ni kwa sababu hiyohiyo mashine inatupa sheria ya Ufaransa: imelishwa kilichoko kwenye intaneti, na hukumu zetu nyingi haziko huko. Kwa hiyo hapa kwetu inakosea zaidi, na kosa lake linagunduliwa kwa shida zaidi.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema mpaka nisikike: yeyote aliyetumia mashine katika kesi, awe avoka, karani au hakimu, atamke hivyo kikaoni, kwa sauti, kwa lugha ambayo wenye kesi wanaielewa. Aseme alitumia chombo gani, kwa sehemu ipi, na nani alihakiki. Katiba yetu, kifungu cha 21, inataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu, isomwe hadharani. Sababu hizo ndizo anazozipinga mtu anapokata rufaa. Kama zimetoka mahali asipopajua, atapinga nini?

Jambo hili linawezekana. Mwanzoni mwa 2023 hakimu mmoja wa Cartagena, Kolombia, aliyekuwa na kesi ya matibabu ya mtoto mwenye usonji, aliiuliza ChatGPT maswali, kisha akayaandika maswali na majibu ndani ya hukumu yenyewe. Wengi walimlaumu. Mimi pia sipendi alichofanya, lakini angalau kila mtu aliona. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba chombo kinaweza kusaidia, ila kisichukue nafasi ya hakimu, na matumizi yake yawe wazi. Kwetu sijasikia uwazi huo hata ukizungumzwa. UNESCO iliwauliza watu wa mahakama wa nchi nyingi, na matokeo yaliyotoka 2024 yanaonyesha kuwa asilimia 44 wamekwisha kutumia vyombo hivi kazini, huku asilimia 9 tu wakipewa mwongozo au mafunzo na ofisi zao.

Wengine watasema Tanzania wameweka mfumo wa akili bandia wa kunukuu maneno ya kikaoni kwa Kiswahili, basi nasi tuuchukue. Kiswahili gani? Shahidi wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anasema: "Ni miye njo nilimuonaka, alikuyaka na batu babili", yaani ni yeye aliyemwona, alikuja na watu wawili. Hapa karani anamwelewa, anaandika kwa Kifaransa, na hakimu aliyemsikia kwa masikio yake anaweza kumsahihisha. Mashine iliyofundishwa kwa sauti za Dar es Salaam itaandika nini hapo? Na mama wa Katuba atajuaje kwamba maneno yake yamegeuzwa, wakati karatasi inatoka kwa Kifaransa? Katiba inataka aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Basi na ushahidi ulioandikwa na mashine asomewe aliyeutoa, kwa Kiswahili chake, kabla haujaingia kwenye faili.

Sikatai kila chombo. Aliyeona mafaili yamefungwa kwa kamba, kurasa zimeliwa na mchwa, kesi ikaahirishwa kwa sababu faili halionekani, hawezi kukataa. Rejista zipigwe picha, wenye kesi waitwe kwa ujumbe wa simu. Sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023 imekwisha kuipa nguvu hati ya kielektroniki. Lakini faili la mtoto aliyebakwa lisinakiliwe kamwe ndani ya programu ya simu, kwa sababu yoyote ile.

Tuanze na dogo: kila hukumu inayotajwa katika hoja iambatane na nakala yake yenye muhuri wa karani. Asiye na nakala, hukumu yake isisikilizwe. Hilo halihitaji kungoja bunge wala mfadhili. Rais wa tribinali, yaani mahakama, na batonye, mkuu wa maavoka, wanaweza kukaa mezani wakakubaliana, na avoka yule wa parseli ya mama mdogo awe wa kwanza kuombwa nakala za zile hukumu mbili zake.