Sili ya Tatu

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, napiga magoti nyuma ya Hilux na kuchungulia uvunguni. Anayepita barabarani anasalimiana na makalio yangu. "Kamwene!" Nami naitikia hukohuko chini, "Kamwene!" Sijui nimemsalimia nani, ila salamu imefika. Iringa bila salamu watu watasema una dharau, hata kama kichwa chako kiko chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma.

Haya yote yaliletwa na tone moja. Dogo tu, saizi ya sarafu ya shilingi mia, juu ya pevingi ambazo mama Neema alizinunua kwa hela ya kikoba. Akatoka nje na kanga yake kiunoni, akaliangalia, akaniangalia. "Baba Neema, hilo dude lako linakojoa."

Dude! Pikapu ambayo imebeba nyanya za Ilula mpaka mtoto akamaliza kidato cha nne leo inaitwa dude. Inapita Kilolo masika, njia ikiwa uji mtupu, navuta kile kigia kidogo cha pembeni, magurudumu yote manne yanaingia kazini, naondoka. Wenye magari ya kung'aa wanabaki wanapiga simu. Nikanyamaza. Mwanaume akitukaniwa gari lake ananyamaza kwanza, anatafuta boksi la kuweka chini.

Na nchi hii gari bovu halikosi daktari. Kijana wa bodaboda akainama sekunde mbili: "Mzee, hiyo oili ya injini, inarudishwa nyuma na upepo." Mwalimu mstaafu, jirani yangu, akasema ni maji ya breki na nisithubutu kutoka nalo. Shemeji hakuinama kabisa. Alisema niuze.

Fundi wa gereji bubu ndiye aliyechovya kidole, akanusa, akafumba macho kama mtu anayeonja pilau ya harusi. "Difu hii, bosi. Oili namba tisini." Hapo sikumbishia, maana ile oili ina harufu yake, kitu kama yai viza lililochomwa na mpira. Mimi ilinidondokea shingoni Jumamosi, Jumapili nikaenda nayo ibadani baada ya kuoga mara mbili. Benchi letu huwa la watu sita. Siku hiyo nilikaa na mke wangu tu, naye alikuwa kaegemea ukutani.

Tukaingia uvunguni wote wawili. Chini ya bodi palikuwa na mstari wa oili uliojichora kama upinde, juu kabisa ya pale propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka mbele, inapofungwa kwenye difu. Kile kisahani cha kuifungia kinazunguka, oili inayotoka mdomoni mwa difu inarushwa pande zote. Hata mimi nisiyejua kitu nikaelewa: sili ya pinioni, ule mpira wa duara unaozuia oili pale gia ndogo ya difu inapotokea nje. Ingekuwa sili za haf shafti, zile shafti mbili zinazokwenda magurudumuni, oili ingeingia kwenye drami za breki. (Weka akilini hizo drami. Zitarudi.)

Fundi akasema, "Kazi ndogo, saa moja." Nyie, fundi akikwambia kazi ndogo, piga simu nyumbani wasikusubiri chakula.

Propela ikatoka vizuri. Ikaja ile nati kubwa ya pinioni. Kiwandani wameigonga ubavuni ikabonyea isijilegeze, nayo ukifungua unatakiwa uweke alama ilipokuwa imekaa, kwa sababu ndani, katikati ya beringi mbili, kuna kibomba chembamba cha chuma kinachobonyea kidogo kadiri unavyokaza. Kibomba hicho ndicho kinachoamua beringi zikae na mkazo gani. Mimi haya nimeyajua baadaye, kwa kuyalipia. Fundi wangu hakuweka alama yoyote. Alichukua patasi na nyundo, akaigonga ile nati kama anafukuza nyoka. Kuirudisha, akachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, akalininginia na miguu ikaacha ardhi.

"Imekaza mpaka imelia!" akasema kwa fahari.

Ilikuwa imelia kweli, na kilio hakikuisha. Kesho yake nikifika spidi sitini, nyuma: uuuuuuuu. Nikipunguza, ooooo. Abiria wangu, mama mmoja mwenye matenga ya nyanya, akauliza kama nimebeba ng'ombe. Nikarudi kwa fundi. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia nitafute maganda ya ndizi, tuyatie ndani ya difu, sauti itapoa. Nikamwangalia usoni nione kama anatania. Hatanii. Nikamwambia asante, ndizi zangu nitakula mwenyewe.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa miwani, ana mikono ya polepole. Akafungua, akanionyesha: kibomba kimebonyea kupita kiasi, beringi zimebanwa zimeanza kuungua rangi ya bluu. Beringi mpya, kibomba kipya, sili mpya. Sili nikaenda kununua mwenyewe. Dukani zipo mbili. Moja elfu thelathini, moja elfu nane, na ya elfu nane boksi lake ndilo linalopendeza. Limeandikwa JAPAN mara nne. Mtu aliyetoka Japani kweli hana sababu ya kurudia hivyo, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka kwenye beringi, mfuko umenyauka, nikajiambia mpira ni mpira.

Ile sili ukiibonyeza mdomo wake kwa ukucha ilikuwa ngumu kama ndala iliyoachwa juani. Ilikaa siku kumi na moja.

Mzee wa miwani hakunisema. Alichukua mkono wangu, akaniwekea kidole kwenye kile kisahani cha propela, pale sili inapogusa. "Sikia." Nikapitisha ukucha, ukanasa. Kuna mfereji! Mpira laini umekula chuma miaka yote hiyo, pamoja na vumbi la Kilolo. Akasema mdomo wa sili ukikaa palepale kwenye mfereji, hata uwe wa dhahabu utavuja. Basi sili ya tatu, ile ya elfu thelathini, akaiingiza kwa kipande cha mbao, tok, tok, tok, akizunguka, akaiacha mahali pengine kidogo ili mdomo ushike chuma kisicholika. Akakaza nati kwa alama, akazungusha kwa mkono, akasikiliza. Nikampenda yule mzee kama baba yangu.

Wiki ya tatu, tone.

Na safari hii lilikuja na wenzake. Nashuka Kitonga na gunia ishirini za viazi, nakanyaga breki, gari linavuta kulia. Nakanyaga tena, linavuta kulia, na kulia ni ukuta wa mlima, kushoto mnajua wenyewe ni nini. Nilishuka ile milima kwa gia ya kwanza, malori yananipigia honi, na mimi nasoma Zaburi ninayoikumbuka nusu. Ruaha Mbuyuni nikafungua gurudumu la nyuma kushoto: drami imejaa oili, breki shuu zimelowa kama vitumbua. Sasa na sili ya haf shafti nayo imeachia. Nilikaa juu ya gunia nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Mama Neema nilipomsimulia hakusema neno. Na mke wangu akinyamaza, hiyo ndiyo taa nyekundu ya kwenye dashibodi.

Aliyetuokoa ni kijana wa spana wa yule mzee, mtoto wa miaka kumi na saba hivi, ambaye kazi yake ilikuwa kupokezana spana na kutumwa maji. Nimefika gereji kutoka barabarani, difu bado ya moto, mzee kasema aangalie oili imebaki kiasi gani. Kijana akalala chini, akalegeza nati ya kujazia.

Pssssssss!

Ilitoka kama soda iliyotikiswa. Oili ikamrukia usoni, ikampata kwenye meno maana alikuwa anacheka jambo jingine. Akatoka uvunguni anatema, anafuta, anatema. Sote tukafikiri atalia. Akasema, "Mzee, difu hii haipumui."

"Haipumui vipi?"

"Kama dumu la pombe ya ulanzi. Bibi yangu anauza. Ukilifunga kifuniko mpaka mwisho, ulanzi unachemka, hewa haina pa kutokea, dumu linatumbuka. Lazima uache kaupenyo."

Mzee wa miwani akavua miwani. Akaingia chini mwenyewe, akapapasa juu ya haus ya difu, upande ambao hakuna anayeutazama, kwa sababu ukiwa umelala chini uko nyuma ya kila kitu. Pale kuna kidude kidogo cha chuma chenye kofia, mafundi wanakiita briza. Kazi yake ni moja, kupumua. Krauni, ile gia kubwa ya ndani, ikizunguka oili inapata moto, hewa ndani inatanuka, inatokea pale. Ukiingia mtoni na difu ya moto, hewa inajikunja ghafla, inavutwa nyingine ndani. Kikiziba, presha inatafuta pa kutokea na inapata penye mdomo laini, yaani sili. Na ukiingia kwenye maji, sili hiyohiyo inavuta maji ndani, oili inageuka chai ya maziwa.

Briza yangu ilikuwa imezibwa na udongo mgumu kama tofali. Na ndani ya udongo, kijana akatoa kwa waya vibuu viwili vya nyigu. Familia nzima ilikuwa imejenga kwangu, bila kodi, tangu sijui lini.

Tulisafisha kwa waya na petroli, dakika nne. Baadaye mzee akaiondoa kabisa, akafunga mpira mwembamba na kuupandisha mpaka nyuma ya taa, juu, matope yasifike. Sili ya haf shafti mpya, breki shuu mpya. Bei ya kuzibua briza ilikuwa bure, kwa sababu hakuna aliyekosa aibu kiasi cha kunitajia bei. Kijana nilimpa elfu kumi ya sabuni. Alistahili na mswaki.

Sasa huu ni mwezi wa pili tangu tuizibue. Boksi liko chini ya gari, kavu. Kila asubuhi kavu. Na mimi usingizi umekata, maana gari la kizamani lisilodondosha kitu linatia wasiwasi. Je, kama haivuji kwa sababu imekwisha? Ndiyo maana leo alfajiri mmenikuta tena chini na spana, nati ya kujazia nimefungua, kidole nimekiingiza mpaka pingili ya kwanza nikitafuta oili ilipoishia.

Mwalimu mstaafu akasimama. "Bado inavuja?"

"Shikamoo mwalimu. Haivuji."

"Marahaba. Sasa unatafuta nini?"

"Nahakikisha."

Akafikiri kidogo. Nikasikia magoti yake yanalia, akaweka bakora chini, akainama pembeni yangu. "Hebu sogea nami nione."

Nyuma yetu, barabarani, mtu akapita na baiskeli. "Kamwene!"

"Kamwene!" tukaitikia wote wawili.