Anwani ya Seva Isikae Ndani ya Klasi

Wanaounganisha mifumo ya malipo jijini Dar es Salaam, iwe ni benki za eneo la Posta au kampuni ndogo za programu za Kijitonyama, bado hukutana na huduma za wavuti za SOAP, yaani zinazopokezana ujumbe wa XML kwa utaratibu maalumu. Kwa Java, kazi huanza kwa kuipa zana ya wsimport faili la WSDL, yaani faili linaloeleza huduma na operesheni zake, nayo inakutengenezea klasi za kuitumia huduma hiyo. Ukishazikompaili, ipitishe klasi ya huduma kwenye javap -v, zana inayoonyesha yaliyomo ndani ya klasi: utakuta jina la huduma, na kando yake anwani ile ile WSDL ilikochukuliwa.

Utaratibu huu una sababu nzuri. Kabla Java 5 haijaleta anotesheni, yaani maelezo yanayobandikwa kwenye msimbo wenyewe, mwaka 2004, maelezo hayo yalikaa kwenye mafaili ya XML pembeni ya msimbo. Faili moja likisahaulika wakati wa kuhamisha mfumo, huduma haiwaki. Sasa maelezo yanasafiri na klasi yenyewe. Kwa majina ya huduma na ya operesheni zake naunga mkono kabisa, maana huo ni mkataba, na mfumo ukihamia seva nyingine haubadiliki.

Anwani ni habari nyingine. Klasi iliyotengenezwa kwa seva ya majaribio hubeba anwani hiyo hadi kwa wateja halisi, na ukiacha mambo yalivyo, programu itaitafuta WSDL huko huko. Seva hiyo ikizimwa, malipo ya watu yanakwama. Wapo wanaotegemea kubadilisha ENDPOINT_ADDRESS_PROPERTY, mpangilio wa anwani ya kutumia ujumbe, programu ikiwa inaendeshwa. Hiyo huelekeza ujumbe kwingine, lakini imechelewa: WSDL husomwa mapema, objekti ya huduma inapoundwa. Tena aliyetumia faili la kwenye kompyuta yake huacha njia ya faili hilo ndani ya klasi, pengine na jina analoingilia kwenye mashine. Mteja hana sababu ya kukabidhiwa hayo.

Mimi naona WSDL ifungwe ndani ya jar, faili linalofungasha klasi za programu, chaguo la wsimport liitwalo -wsdllocation lielekeze humo, na anwani ya seva isomwe kwenye faili la mipangilio. Hasara ipo: upande wa pili ukibadilisha WSDL, nakala yako inabaki ya zamani, na huenda ukajua pale tu ujumbe unapokataliwa. Hata hivyo ni afadhali kosa hilo, kwa kuwa linaweza kuonekana kwenye majaribio.

Ugumu mkubwa uko kwa anayerithi mfumo. Java 11 ya mwaka 2018 iliiondoa wsimport kwenye JDK, kifurushi cha zana za Java, na mara nyingine mkandarasi ameacha jar peke yake, bila amri iliyozitengeneza klasi. Amri hiyo iandikwe kwenye makabidhiano, na klasi zipitishwe kwenye javap kabla mteja hajasaini.