Dua ya marehemu aliyekuwa bafuni

Najua mmeshaisikia. Ile sauti ya dakika nne na nusu inazunguka kwenye magrupu tangu juzi usiku, imefika mpaka Tanga, na mama kanipigia alfajiri kuniuliza kama ni kweli nimemkemea mzungu kama pepo. Sikumkemea. Nilisema audhubillahi, mara moja, tena kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeona maiti inatembea. Ngojeni nisimulie mwenyewe, maana shoga yangu (jina silitaji, anajijua yeye na kilemba chake cha njano) kairekodi sauti hiyo akajitoa kwenye hadithi utadhani nilikwenda peke yangu.

Wa London mnaobidi, rukeni aya hii. Nyie wa nyumbani: huku nyumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri, hupewi tu, unaibidi, ile "bid" ya Kiingereza. Si mnada, hutoi hata senti. Kila Alhamisi kwetu zinatangazwa fleti zilizo wazi, unabonyeza unayoitaka, Jumatatu usiku wanafunga, na unaonyeshwa wewe ni wa ngapi kwenye foleni. Kuna bendi A mpaka D kulingana na shida yako. Mimi ni bendi C, na msinipigie vigelegele, bendi hiyo haina kinanda. England peke yake kaya zaidi ya milioni 1.2 ziko kwenye orodha, na wallahi naamini zote huwa zinabidi fleti ileile niliyoipenda mimi.

Nimeanza mwaka 2017. Nimewahi kuwa wa 412. Mwanangu wa kiume alipotimiza miaka 10 nilikata keki kwa furaha mbili, kwani akifika umri huo hahesabiwi tena kulala chumba kimoja na dada yake. Kumbe zawadi yenyewe ni kuhamishiwa foleni ya vyumba vitatu, na vyumba vitatu hapa ni adimu kama wali wa daku. Tukaendelea kubanana kwenye kimoja, mimi nikibidi kwa sababu imenibidi.

Wiki iliyopita nikafungua simu: namba 3.

Wanaita watu kadhaa wa mbele waje kuitazama siku moja. Wa kwanza akikataa anaulizwa wa pili, kisha wa tatu. Fleti yenyewe ghorofa ya nne, lifti hakuna. Basi usiku kucha nikaomba hao wawili wawe na magoti mabovu. Msinihukumu, nyie mmeomba makubwa zaidi kabla ya usaili wa kazi.

Fleti nyingi za kaunsili hutolewa tupu, hata zulia hakuna, kwa hiyo nikachukua futikamba ya mume wangu nikapime kabisa. Mama naye akanipa maagizo: mguu wa kulia mbele, toa salamu, soma Ayatul Kursiy kila pembe, "maana hujui aliyetoka humo katokaje, labda kafa." Mama, neno hilo lilikuwa na kazi gani?

Miadi saa tano asubuhi. Saa tano kasorobo tuko chini ya majengo mawili yanayotazamana, matofali yaleyale, ngazi zilezile, jina lilelile, ila moja linaishia na House na jingine na Court. Barua inasema House. Shoga yangu, mwenye miaka 15 Uingereza na habishiwi, akasema, "House, Court, yote si nyumba?" Tukapanda Court. Fleti 14. Mlango umeegeshwa.

Sasa hapa twende polepole.

Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Nikatanguliza mguu wa kulia, nikatoa salamu, tukaingia sebuleni. Zulia lipo. Kochi refu lipo, katikati limebonyea umbo la mtu. Kuna miwani juu ya gazeti na kikombe cha chai nusu. Mtu mwenye akili angerudi mlangoni. Mimi nilisikia sauti ya mama: labda kafa. Nikamnong'oneza shoga, "Innalillahi, hata vitu vyake hawajaja kuondoa." Naye, badala ya kusikitika, kashaanza kugonga meza kwa kidole aone kama ni mbao ya kweli. "Kabati hili wakiliacha, mimi nalichukua."

Nikaona haifai kusomea pembe za nyumba kabla ya kumwombea mwenyewe. Nikasimama mbele ya kochi, nimevaa buibui langu jeusi, nikainua mikono, nikafumba macho. Marehemu simjui, dini yake siijui, lakini nilimwombea kwa moyo. Nilifika mahali pa kumwombea kaburi lake liwe pana. Nyuma yangu shoga kainyoosha futikamba kwenye kochi kuanzia mkono hadi mkono. Yeye Kiswahili chote anazungumza, ila namba hutaja kwa Kiingereza, na hicho ndicho kilichotuponza. Akatangaza kwa sauti ya fundi: "Futi sita!"

Sauti ikajibu kutoka upande wa bafuni, taratibu kabisa: "Mimi ni futi tano na inchi nane tu."

Nikafumbua macho. Kasimama mlangoni, mzee wa kizungu, taulo kiunoni, nywele zinachuruzika, ananitazama mimi na mikono yangu iliyoinuliwa, anahamia kwa shoga aliyeinamia kochi na kipimo, anarudi kwangu. Ndipo ile audhubillahi ikatoka. Mikono haikushuka. Naapa, nilitaka kuishusha ikagoma, nimebaki kama mtu aliyevamiwa na majambazi.

Mzee akasema, "Mmewahi leo."

Tulikaa na maneno hayo sote watatu. Mimi nilikuwa bado nahesabu kama ni mzima. Mwenye akili ya haraka ni shoga, kwa kuwa kazi yake hapa ni hiyohiyo ya kuhudumia wazee majumbani. Futikamba ikatupwa nyuma ya kochi, mikono ya blauzi ikakunjwa, akauliza, "Dawa za asubuhi umeshameza, mpenzi?" Mzee alikuwa anamngoja mhudumu wake wa saa tano, mlango kauegesha kwa ajili yake. Dakika tatu baadaye kavalishwa sweta na mimi niko jikoni nachemsha maji, natetemeka, nauliza sukari vijiko vingapi.

Kwenye chai akauliza nyumbani kwetu tunaishi vipi. Nikamwambia nasubiri nyumba ya kaunsili mwaka wa ngapi sijui. Akasikitika sana. Yeye hiyo yake, akasema, waliingia na marehemu mkewe miaka ya sabini, na walisubiri wiki sita. Sita! Nilitaka kurudia ile dua kwa ajili yangu.

Mhudumu halisi akaingia, akauliza sisi ni nani. Shoga akasema, "Jamaa zake." Tukaondoka kwa kasi mnayoijua.

House tumefika saa tano na dakika arobaini. Afisa anafunga mlango. Wa kwanza alikataa kwa sababu ya ngazi, wa pili hakutokea, wa nne kasaini. Ndiyo, dua yangu ya magoti ilijibiwa. Msinikumbushe.

Sasa mume wangu anatafuta futikamba yake. Hajasikia ile sauti bado, hayumo kwenye magrupu. Shoga anasema kitu kilichoachwa nyuma ya kochi na mkono wangu kinafuatwa na mimi. Mkono upi? Aliyeitupa ni nani?