Paneli ya wati 550 kwenye kontrola ya elfu ishirini

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki hizi, na bila shaka limeshawafikia. FULL SET SOLA: paneli wati 550, kontrola 60A, betri 200Ah, inverta wati 3000, usafiri bure ndani ya Dar. Washa friji, TV, feni na pasi. ORIGINAL. Chini yake watu kibao wanauliza bei. Hakuna hata mmoja anayeuliza volti.

Paneli yenyewe sina ugomvi nayo. Mwaka 2010 wati moja ya paneli ilikuwa inacheza kwenye dola mbili hivi. Kufika 2024 viwanda vya China vilikuwa vinaitoa kwa takribani senti kumi za dola. Hicho ndicho kilichosambaza sola mpaka vijijini, pamoja na betri za lithiamu kushuka bei. Si zile habari za seli za perovskaiti, ile aina mpya ya seli za sola iliyoko maabara, ambazo watu wanatumiana kila mwezi. LONGi, kampuni ya China, walitangaza mwaka 2024 seli inayogeuza asilimia 34.6 ya mwanga kuwa umeme, hongera zao, lakini hiyo ilikuwa seli ndogo ya maabara. Paneli iliyoko dukani inageuza asilimia 21 au 22 ya mwanga, na kwa paa la bati la vyumba vitatu hiyo inatosha na kubaki.

Tatizo ni kwamba hizi paneli kubwa hazikutengenezwa kwa ajili ya nyumba. Zilibuniwa kwa mashamba ya sola ya megawati, ambako zinaungwa mfululizo ishirini na kitu mpaka mstari mmoja unakaribia volti 1500. Ndiyo maana ina urefu wa mita 2.28, upana wa mita 1.13, uzito wa kilo 28 hivi na seli nusu 144. Ikiwa kazini inatoa volti 42. Ikiwa wazi, haijaungwa na chochote, inagusa 50. Ile paneli tuliyoizoea ya wati 100 yenye seli 36 ilikuwa inafanya kazi kwenye volti 18, na wazi ilifika 22. Kontrola za bei rahisi zilizojaa madukani, vile viboksi vya kati ya paneli na betri vinavyosimamia chaji, zilitengenezwa kwa ajili ya hiyo ndogo. Paneli imebadilika, kontrola imebaki palepale, na muuzaji anazifunga kwenye boksi moja na kuandika "full set".

Sasa tupige hesabu ambayo tangazo limeikwepa.

Kontrola ziko za aina mbili, PWM na MPPT. Ya PWM, ile ya bei rahisi, ni swichi tu. Inaiunga paneli moja kwa moja na betri, inafungua na kufunga, basi. Kwa hiyo paneli inalazimishwa kushuka mpaka volti ya betri. Betri ya volti 12 inayochajiwa iko kwenye 13 hivi. Paneli ya 550 inatoa ampia 13 kwenye jua kali, na haiwezi kuzidisha hata ukiipigia magoti. Zidisha: 13 mara 13 ni 169. Umelipia wati 550, betri inapokea 170. Umenunua lori ubebe gunia moja la mkaa. Na ile "60A" iliyoandikwa kwenye kontrola haisaidii chochote, kwa sababu ampia zenyewe hazipo.

MPPT ya kweli inafanya kitu tofauti kabisa. Inaiacha paneli ikae kwenye volti zake 42, inapokea zile ampia 13, halafu inashusha volti na kupandisha ampia. Upande wa betri unaona 13V na karibu ampia 40. Paneli ileile, bati lilelile, jua lilelile.

Kuchaji kwa theluthi ni hali ya mtu mwenye bahati. Asiye na bahati anaunguza. Geuza kontrola usome maandishi madogo ya nyuma: nyingi zinasema volti ya juu ya paneli ni 50, na nyingine ukizitumia na betri ya 12 mwisho wake ni 25. Ile 50 ya paneli nayo inapimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25. Seli ikipoa, volti inapanda, takribani asilimia 0.27 kwa kila nyuzi moja. Asubuhi ya nyuzi 8 kule Makambako, mkoani Njombe, jua likichomoza kabla seli hazijapata joto, paneli inafika 52. Mteja wa Mbagala, kwenye joto la Dar, anaweza kukaa na kontrola yake miezi. Wa Njombe inamfia Julai, akipiga simu anaambiwa ni radi. Radi, Njombe, mwezi wa saba.

Wajanja wakaja na dawa: kubandika neno MPPT kwenye boksi la PWM. Kuigundua ni kazi ya dakika tano. Subiri saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa, kila kitu kimeungwa na kinachaji. Weka multimita kwenye volti za DC, pima kwenye terminali za betri, halafu pima kwenye terminali za paneli palepale kwenye kontrola. Ukiona namba mbili zinafanana, 13 na 13 na nukta, hiyo ni PWM hata kama ina skrini ya rangi. Ukiona paneli iko kati ya 35 na 42, umeuziwa kitu halali. Usipime betri ikiwa imejaa, maana hapo kontrola imeanza kukatakata chaji na namba zitakudanganya. Unaweza kuipima hata dukani kwa kuibeba mkononi: MPPT ina koili ndani na chuma cha kupoozea nje, ina uzito. Boksi la "60A" lenye uzito wa simu na tundu zisizoingiza hata waya wa milimita 6 halijawahi kupitisha ampia 60 na halitapitisha.

Hata ukipata MPPT ya kweli, soma namba zake mbili. Iliyoandikwa 100/50 inamaanisha mwisho volti 100 upande wa paneli na ampia 50 upande wa betri. Paneli mbili za 550 ukiziunga mfululizo unapata 100 kamili kabla ya baridi. Hapo ziunge sambamba, au nunua ya 150. Na uondoke kwenye mfumo wa volti 12. Ukitumia 24, zile ampia 40 za kwenda kwenye betri zinakuwa 20, kontrola inapumua, na waya wa milimita 6 unatosha mahali ambapo ungehitaji 16.

Hiyo inverta ya wati 3000 kwa volti 12 nayo ni mzaha. Wati 3000, ukihesabu na kinachopotea ndani ya inverta, ni karibu ampia 280 kutoka kwenye betri, yaani waya wa milimita za mraba 70 kwenda juu. Nyaya zinazokuja ndani ya boksi ziangalieni wenyewe.

Nikubali kidogo, ingawa sipendi. PWM si takataka. Kwa paneli ya seli 36, wati 100 au 150, betri ya 12, taa nne na redio, inafanya kazi miaka na ni rahisi kubadilisha. Na zile kampuni za kulipa kidogokidogo kwa simu, walizoanza kina M-KOPA Kenya mwaka 2012, ukijumlisha malipo unalipa zaidi ya bei ya dukani, hilo halifichiki. Lakini paneli yao, kontrola na betri vimepangwa pamoja na mtu aliyepiga hesabu, na ikizima kampuni inakosa pesa yake, kwa hiyo wanakuja.

Lithiamu: betri ya 12.8V 100Ah inakupa umeme unaotumika karibu sawa na ya risasi ya 200Ah, kwa sababu ya risasi ukishusha chini ya nusu unaiua. Ila kontrola nyingi za zamani zimepangwa kwa risasi. Zikipandisha volti kupita kiasi, ubao wa ulinzi ndani ya lithiamu unakata betri ghafla, kontrola inabaki na paneli ya volti 50 bila betri, na kwenye PWM ya ovyo volti hizo zinapita moja kwa moja kwenye terminali za mzigo. TV ya DC haivumilii hilo.

Taa za barabarani za "wati 300" zenye paneli ya ukubwa wa daftari sizijadili. Breka ya AC kwenye waya wa paneli haizimi cheche, tumieni ya DC. Fyuzi ikae sentimita 20 kutoka kwenye chanya ya betri, si ukutani karibu na TV. Kilo 28 zifungwe kwenye papi, si kwenye bati.

Kenya wana kanuni za leseni za mafundi sola tangu 2012, madaraja T1 hadi T3, na bado kontrola za namna hii zinauzwa Nairobi mchana kweupe, kwa hiyo sisubiri serikali. Nawaambia wauzaji: kwenye tangazo wekeni volti ya paneli ikiwa wazi, volti ya mwisho ya kontrola, na watisaa za betri. Namba tatu. Kama nafasi haitoshi, ondoeni lile neno ORIGINAL.