Msimkate mkongwe makali, mtafutieni mgeni saizi yake

Gemu ya mikakati ya mtandaoni ikianza kukimbiwa na wageni, ushauri wa kwanza kusikika ni ule ule: wakongwe wabanwe. Wapunguziwe nguvu, wawekewe ukomo wa mashambulizi, mbinu zao kali zifutwe kwenye toleo lijalo. Napinga. Mtu aliyejifunza kwa miaka lini apande zama (hatua ya maendeleo ndani ya gemu), lini atoe jeshi na lini akae kimya ameilipia nafasi hiyo kwa muda wake. Ukimpokonya ataondoka, tena na marafiki zake wote wanaojaza seva saa za usiku. Kinachomfukuza mgeni ni kupangiwa watu wasio saizi yake, tena mara kumi na tisa mfululizo.

Hiyo kumi na tisa ina hesabu yake. Gemu nyingi hupima uwezo kwa mfumo wa Elo au watoto wake. Arpad Elo alikuwa profesa wa fizikia nchini Marekani, mzaliwa wa Hungaria, na mfumo wake aliutengeneza kwa ajili ya chesi; chama cha chesi cha Marekani kiliupokea mwaka 1960 na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, ikafuata 1970. Ndani yake, mkikutana mmepishana alama 100, aliye juu hutarajiwa kuvuna asilimia 64 ya pointi. Mkipishana 200 ni asilimia 76. Zikifika 400 ni asilimia 91, na hapo mchezo umeshageuka kuwa adhabu.

Sasa mchukue kijana wa Katubuka, hapa Kigoma, anayefungua leo Age of Empires II, gemu ya kompyuta ya kujenga mji na kupigana kwa majeshi. Akiingia mechi za ngazi, zile zinazohesabiwa alama, anaanzia alama 1000, wakati uwezo wake halisi tuseme ni 700. Chukua mfano kwamba kila mechi ina uzito wa 32, yaani kiwango cha juu cha alama unazoweza kupanda au kushuka: akifungwa na mtu mwenye alama kama zake, anashuka 16. Kutoka 1000 hadi 700 ni alama 300, gawa kwa 16, unapata vipigo 19. Kila mechi ikichukua nusu saa, hizo ni saa tisa na nusu za kuchapwa kabla hajakutana na mtu wa kiwango chake. Akibahatika kushinda moja katikati, anapandishwa tena na safari inarefuka. Wangapi wana uvumilivu huo, na bando la kuuendesha?

Dawa yake haimgusi mkongwe hata kidogo. Ongeza uzito kwa mechi za mwanzo tu. Ukiweka 80 kwa mechi kumi za kwanza, kila kipigo kinamshusha 40, na mgeni wetu anafika kwake baada ya mechi nane. FIDE wenyewe wana kitu cha namna hiyo: mchezaji mpya hupewa uzito wa 40 hadi amalize michezo 30, kisha 20, na aliyewahi kufika 2400 hubaki na 10. Mfumo wa Glicko, wa Mark Glickman, unakwenda mbali zaidi kwa sababu kila mchezaji hubeba namba mbili, moja ya uwezo na nyingine ya mashaka ya mfumo juu ya uwezo huo. Lichess, tovuti ya chesi, hutumia toleo lake la pili, Glicko-2. Kila mtu anaanza na 1500 yenye alama ya kuuliza pembeni, na vipigo vya kwanza humporomosha haraka mpaka mfumo umfahamu. Mkongwe aliyekutana na mtu mwenye mashaka makubwa hapandi wala hashuki sana, kwa hiyo hana sababu ya kulalamika, wala ya kuwinda wageni ili ajikusanyie alama.

Njia rahisi kuliko hiyo ni kumuuliza mtu mlangoni. Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, humuuliza anayejiunga kama ndiyo kwanza anajifunza au anajua kidogo, halafu humwanzishia chini au juu kulingana na jibu. Watu watadanganya, ndiyo. Mkongwe atafungua akaunti ya pili na kujiita mchanga ili apate wa kuonea. Lakini mashaka yakiwa makubwa, mfumo unapanda haraka kama unavyoshuka, na ushindi mara nne mfululizo unamrudisha kwa wenzake. Akaunti za kujificha huwa tatizo sugu pale tu mfumo unaposogea kwa kujikongoja.

Hata hivyo, kupanga wapinzani vizuri hakutoshi kama mgeni hajui kilichomuua. Tuangalie dakika nane za kwanza za Age of Empires II. Unaanza na wanakijiji watatu, mpelelezi mmoja na chakula 200. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50 na huchukua sekunde 25 kutoka. Kituo cha mji kinabeba watu watano tu, na tayari unao wanne, kwa hiyo nyumba ya kwanza, ya mbao 25, lazima ianze kujengwa mara moja. Mkongwe anayepanda zama ya pili akiwa na watu 22 ametoa wanakijiji 18 bila kusimama: sekunde 450. Ongeza 25 za utafiti wa kuwaimarisha wanakijiji, zinakuwa 475, yaani dakika 7 na sekunde 55. Akizidisha hapo kwa sekunde kadhaa hujilaumu.

Mgeni naye amesahau nyumba. Kituo kimesimama, yeye anamtazama mpelelezi akizunguka msituni. Kisha chakula kimekwisha kwa sababu amepeleka watu wengi kwenye dhahabu, inang'aa. Jumla kituo kimelala dakika tatu, na hapo wamekosekana wanakijiji saba. Mmoja huleta takribani chakula 20 kwa dakika, kwa hiyo kila dakika inayopita anapoteza kama 140, na pengo linazaa pengo lingine. Wapanda farasi wanapofika kuwafukuza wakata kuni wake, anasema farasi wana nguvu mno na wapunguzwe kwenye toleo lijalo. Watengenezaji wakimsikiliza watapunguza farasi, na atafungwa vile vile kwa wapiga mishale.

Mechi ikiisha anachohitaji mgeni ni sentensi moja kwenye kioo: kituo chako kilikaa bure dakika tatu, ukakosa wanakijiji saba. Majedwali ya takwimu yapo, ila mgeni hajui namba ipi ndiyo iliyomtoa. Toleo la mwaka 2019 lilileta pia misheni fupi za mafunzo, zenye medali za shaba, fedha na dhahabu, na ni nzuri sana. Ningezitoa zilikojificha na kuifanya medali ya shaba ya somo la uchumi kuwa tiketi ya mechi za ngazi. Nusu saa ya mazoezi inaokoa saa tisa za vipigo.

Wazee wa bao waliliona hili zamani. Bao la kiswahili ni gumu: kila mchezaji anaanza na kete kumi tu ubaoni na 22 mkononi, kuna namua (hatua ya kuingiza kete za mkononi), kuna mtaji (kete zote zikiwa ubaoni), kuna nyumba, lile shimo maalumu, na sheria zake. Hakuna aliyelirahisisha kwa ajili ya wanaoanza. Kukawekwa bao la kujifunza pembeni, kete mbili kila shimo, zote 64 ubaoni tangu mwanzo, hakuna namua wala nyumba. Mtoto anajifunza kuhesabu, kula na kuzungusha, na akiiva anahamia kwa wakubwa. Mafundi hawakuguswa.

Zipo gemu zilizochagua kumtoza mwenye nguvu. Tribal Wars, gemu ya vijiji na vita ya InnoGames wa Hamburg, ina kitu cha ari ya jeshi: chukua pointi za anayeshambuliwa, gawa kwa za anayeshambulia, zidisha kwa 3, ongeza 0.3. Mwenye pointi 10,000 akimvamia mwenye 1,000 anapata 0.6, na jeshi lake linapigana kwa asilimia 60. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani, kabila kubwa, yaani kundi la wachezaji walioungana, linajifunza kuwabakiza makusudi baadhi ya wenzao wadogo na kuwajaza wanajeshi wa ulinzi mpakani, kwa kuwa kuwapiga ni hasara. Ngao iliyokusudiwa mgeni inaishia mikononi mwa mkongwe mjanja. Ndiyo maana baadhi ya dunia (seva) za gemu hiyo huhesabu pia muda ambao mchezaji amekaa, ili mtu asijifanye mchanga milele.

Clash of Clans, gemu ya simu ya kujenga kijiji na kuvamia vya wengine, ina ustaarabu zaidi. Mkubwa hazuiwi kumvamia mdogo, ila kadiri ukumbi wa mji wa anayevamiwa ulivyo chini ya wake, ndivyo ngawira inavyokatwa. Nguvu zake zimebaki palepale, safari tu ndiyo haimlipi. Aliyebomolewa vya kutosha naye anapata ngao ya saa kadhaa. (Habari ya kununua nguvu kwa pesa sitaijadili, gemu inayouza ushindi haina mizani ya kuzungumzia.)

Kwangu mimi, fundisho bora liko kwenye mashindano ya arena ya Lichess, ya mechi mfululizo ndani ya muda uliowekwa. Ushindi ni pointi mbili, sare moja. Lakini mechi inapoanza unaweza kubonyeza kitufe cha berserk: saa yako inakatwa nusu, na ukishinda unaongezwa pointi moja. Angalia ilivyopangwa. Hakuna aliyemlazimisha mkongwe kujipunguza. Amejipunguza mwenyewe kwa tamaa ya pointi, na mgeni aliye mbele yake ghafla ana dakika mara mbili za kufikiri. Gemu nyingine za mikakati zingeiga: mkongwe aanze na mwanakijiji mmoja pungufu, au akose utafiti fulani, kwa hiari yake, na akishinda alipwe zaidi.

Sasa turudi huku Kigoma. Mifumo hiyo yote inahitaji watu wengi kwenye foleni. Ukitaka ligi ya wenyeji, vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji na wenzao wa Tabora wanaoingia kwa mtandao, utapata watu kumi na sita ukijitahidi, na hapo hakuna mashine itakayokupangia. Kosa linalofanyika karibu kila mara ni mtoano. Watu 16, raundi ya kwanza, wanane wanarudi nyumbani wakiwa wamecheza mechi moja. Wanane hao ni akina nani? Wageni. Walinunua bando, wakajiandaa wiki nzima, wakapangiwa bingwa wa mwaka jana, wakaisha dakika ya kumi na tano. Msimu ujao mnabaki wale wale wanane mnaojuana.

Tumieni mfumo wa Uswisi, ule uliotumika kwenye chesi mjini Zurich mwaka 1895. Hatolewi mtu. Kila raundi mnapangwa na mwenye pointi sawa na zako ambaye hamjakutana. Watu 16, raundi nne, mechi 32. Baada ya raundi ya kwanza wanane wana ushindi na wanane hawana. Baada ya pili wasio na kitu ni wanne, baada ya tatu ni wawili, na raundi ya nne hao wawili wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Kama hakuna sare, mtu mmoja tu kati ya kumi na sita anamaliza bila ushindi, wakati mtoano ungewaacha wanane. Huku juu, bingwa ameshinda nne kwa nne, tena raundi za mwisho amepambana na wakali wenzake, kwa hiyo taji lake halijapungua thamani. Kazi yote inafanyika kwa daftari na kalamu.

Mkiwa wachache mno, saba au wanane wenye viwango vya mbali, wekeni fora ya saa kwenye chesi, yaani muda wa ziada kwa aliye dhaifu. Kwenye Lichess kuna kitufe cha kumwongezea mpinzani sekunde 15. Mkongwe akikibonyeza mara nane mwanzoni, mgeni amepata dakika mbili za ziada. Fora hiyo iandikwe kabla ya mechi kulingana na pengo la alama, isiwe hisani, maana hisani humwaibisha anayepewa na humkera anayetoa.

Kuna jambo ambalo watengenezaji wa Ulaya hawalioni. Kutoka Kigoma hadi seva iliyo Ujerumani, kwa njia ya Dar es Salaam na mkongo wa baharini, ni takribani kilomita 10,000. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla mitambo ya njiani haijaongeza zake. Age of Empires II huendesha mechi kwa kusubiriana: mmoja akichelewa, wote wanaganda. Matokeo yake mwenye chumba, yaani aliyeifungua mechi, akiona mtandao wako unasuasua anakutoa kabla mechi haijaanza, na hapo hata ujuzi wako hajaujua. Kwenye ligi ya nyumbani hilo linapungua, kwa sababu wote mna mtandao wa aina moja.

Umeme ni hadithi nyingine. Adhabu ya kukimbia mechi ina mantiki kule Ulaya, tuseme Helsinki. Huku mtu hakukimbia, giza limeingia. Andikeni sheria kabla ya raundi ya kwanza: anayepotea ana dakika kumi za kurudi, kila mchezaji ana ruhusa ya kukatika mara mbili kwa msimu, ya tatu inahesabiwa kipigo. Kwenye Age of Empires II mechi iliyohifadhiwa inaweza kurejeshwa mkiingia chumbani watu wale wale, hivyo mwenye chumba ahifadhi kila baada ya dakika kumi. Simu zichajiwe mchana. Raundi za chesi pangeni saa moja jioni, na za Age of Empires asubuhi ya Jumamosi, maana mechi ya nusu saa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri haivumilii mkato hata mmoja.

Zawadi gaweni mara mbili: bando la mwezi kwa bingwa, na jingine kama hilo kwa aliyepanda alama nyingi zaidi tangu raundi ya kwanza, ambaye mara nyingi atatoka nusu ya chini ya orodha.